Mtu wa Mjini ni wa Nani?

Yako mambo manne ambayo humfika mwanadamu popote alipo duniani: maradhi, uzee, kukosa kazi, na kufiwa na yule aliyekuwa akimlisha. Hapana taifa lililopata kuyaondoa yote. Mataifa hutofautiana katika jibu wanalolitoa msiba unapobisha hodi: ni nani atakayempokea aliyefikwa? Wengine husema ni jamaa zake. Wengine husema ni mwajiri wake. Wengine husema ni akiba yake mwenyewe. Na wengine husema ni taifa zima. Jibu hilo huandikwa katika sheria, lakini huandikwa vile vile katika mishahara, katika vitabu vya hesabu vya miji, na hata katika upana wa vyumba vya kulala.

Katika insha hii nataka, msomaji, tuitazame mitaa ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands, tangu Pumwani na Shauri Moyo hata Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho. Yawezekana umezaliwa huko, au una ndugu huko, au umeijua kwa habari tu. Nataka tuisome mitaa hiyo kama mtu asomavyo hati ya zamani, kisha tuilinganishe na yaliyofanywa na mataifa mengine katika miaka ile ile. Swali letu ni moja: mtu aliyeacha shamba akaja kufanya kazi mjini, siku nguvu zimwishiapo, ni wa nani?

Na tuanze mbali kidogo. Kabla ya viwanda, Ulaya na Afrika hazikutofautiana sana katika jambo hili. Mzee alilishwa na wanawe, mgonjwa aliuguzwa na jirani, na fukara asiye na mtu alitazamwa na watu wa dini. Katika mwambao wetu palikuwa na zaka na wakfu. Bara palikuwa na ukoo, na ng'ombe wa kuazimwa, na shamba lililolimwa na wengi. Utaratibu huo ulisimama juu ya nguzo mbili, yaani ardhi na kukaa pamoja. Viwanda vilipokuja, watu waliiacha ardhi na wakatawanyika. Mtu aliyeumizwa na mashine katika mji wa ugenini hakuwa na shamba wala shangazi karibu naye.

Ujerumani ndiyo iliyotangulia kutunga sheria za taifa kwa ajili ya mtu huyo. Mwaka 1883 ilianzisha bima ya maradhi kwa wafanyakazi. Mwaka 1884 ikafuata bima ya ajali kazini. Na mwaka 1889 ikaja bima ya uzee na ulemavu. Aliyezisimamia ni Otto von Bismarck, wala hakuwa mtu wa huruma nyepesi. Mwaka 1878 alikuwa amekipiga marufuku chama cha wasoshalisti, naye akaona kwamba wafanyakazi watakipenda chama hicho daima kama dola haina kitu cha kuwapa. Katika bima ya maradhi mfanyakazi alitoa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja. Malipo ya uzee yalianza mtu afikapo miaka 70, umri ambao wengi hawakuufikia. Basi jibu la Ujerumani lilikuwa hili: mfanyakazi ni wa kazi yake, naye atalipwa kwa kadiri alivyochanga.

Uingereza ilikwenda kwa njia nyingine. Sheria ya mwaka 1908 iliwapa wazee maskini waliotimiza miaka 70 shilingi 5 kwa juma bila ya kudai mchango wowote, na malipo yakaanza Januari 1909. Mwaka 1911 iliongezwa bima ya maradhi, na kwa wafanyakazi wa kazi chache, bima ya kukosa kazi. Kisha, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, mnamo Desemba 1942, William Beveridge alitoa taarifa yake akitaja majitu matano yaliyosimama njiani kuwazuia watu: uhitaji, maradhi, ujinga, uchafu wa makazi, na kukaa bila kazi. Tarehe 5 Julai 1948 matibabu ya bure kwa wote yalianza nchini humo. Jibu la Uingereza likawa kwamba mtu ni wa taifa lake, toka utotoni hata kaburini.

Lakini tahadhari, msomaji. Neno "wote" katika sheria lataka kusomwa mara mbili. Marekani ilipotunga sheria yake kuu ya malipo ya uzeeni mwaka 1935, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa majumbani, na humo ndimo walimokuwa wengi wa watu weusi. Afrika Kusini ilipoanzisha pensheni ya wazee mwaka 1928, Waafrika hawakuhesabiwa. Hoja iliyotolewa ni kwamba Mwafrika ana jamaa zake na ana desturi zake, nazo zitamtunza. Waafrika wa nchi hiyo hawakuingizwa mpaka mwaka 1944, tena kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Ishike hoja hiyo moyoni, kwani ndiyo iliyoijenga Nairobi yetu.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukakua haraka kandokando yake. Waafrika waliokuja kufanya kazi walijijengea vijiji vyao wenyewe, kama vile Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakuu wa mji waliifungua Pumwani iwe ndipo mahali palipoamriwa kwa Waafrika. Karibu na hapo palikuwa na Kariokor, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, ambao wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa katika kampeni ya Afrika Mashariki. Shirika la reli nalo liliwajengea watu wake nyumba Muthurwa, na baadaye Makongeni.

Sasa vitazame vyumba vyenyewe. Vingi vya nyumba zile za mwanzo vilikuwa chumba kimoja kimoja katika safu ndefu, na bomba la maji na choo vilikuwa vya watu wengi pamoja. Chumba kilikusudiwa wanaume wachache waliolala kitanda kwa kitanda. Hapakuwa na pahali pa mke, wala pa mtoto, sembuse pa bibi au babu. Tusidhani kwamba jambo hilo lilitokana na ubahili wa mjenzi tu. Mjenzi alitii wazo lililokuwa limekwisha kukubaliwa na watawala: kwamba Mwafrika mjini ni mgeni, amekuja kutafuta fedha za kodi, na kwamba nyumbani kwake halisi ni shambani alikomwacha mkewe akilima.

Mshahara nao ulifuata kipimo cha chumba. Kima cha chini kilikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na familia: posho yake, nguo zake, kuni zake na mafuta ya taa. Mkewe na watoto walidhaniwa kula mazao ya shamba. Akiugua kwa muda mrefu, arudi shambani. Akizeeka, arudi shambani. Na akikosa kazi? Uingereza ilimpa mtu wa namna hiyo fedha kidogo za kumshikiza mpaka apate kazi nyingine. Nairobi, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1949, wakuu walipewa uwezo wa kumshika mtu aliyeonekana kuwa hana kazi, wampangie kazi au wamwondoe mjini. Na Serikali iliyoitawala Kenya siku hizo ni ile ile iliyokuwa imeanzisha matibabu ya bure huko London mwaka mmoja kabla.

Usiseme basi kwamba Kenya ya kikoloni haikuwa na sera ya ustawi wa jamii. Ilikuwa nayo. Sera yenyewe ilikuwa kwamba gharama zote za kumlea mfanyakazi kabla hajaajiriwa, na kumtunza baada ya kuchoka, zibebwe na shamba la mama yake na la mkewe. Mwanamke aliyekuwa akilima huko Nyanza, Ukambani au Murang'a ndiye aliyekuwa mfuko wa pensheni wa viwanda vya Nairobi, wala hakulipwa hata senti kwa kazi hiyo.

Ilikuwako huduma kidogo mjini, nayo yafaa tuulize ililipiwa na nani. Katika miaka ya 1920 Baraza la Mji lilijitwalia peke yake haki ya kutengeneza na kuuza pombe ya kienyeji huko Pumwani, kwa kufuata mfano wa mji wa Durban. Faida iliwekwa katika mfuko wa Waafrika, na mfuko huo ukatumika kwa mambo ya ustawi wao. Kwa hiyo kibarua aliyekata kiu yake jioni alikuwa akilipia huduma ambazo kesho yake aliambiwa kwamba ni hisani ya mji. Huko Ujerumani mfanyakazi alichanga naye akajua kwamba amechanga, hata aliweza kudai haki yake. Hapa alichanga pasipo kujua, akafundishwa kushukuru. Tofauti hii si ndogo, kwani anayeijua haki yake huiuliza.

Hata hivyo, watu wa mitaa ile hawakukaa wakingoja. Wa kwanza ninaotaka uwafikirie ni wanawake wa Pangani na Pumwani. Wengi wao walikuwa wameachana na vijiji vyao: wengine wajane, wengine waliokimbia ndoa, wengine waliosilimu na kujiita kwa majina mapya. Kwao hapakuwa na shamba la kurejea. Walifanya kazi za namna nyingi, nyingine zikiwa za kulaumiwa na watu, wakaweka fedha, wakajenga nyumba za udongo zenye vyumba vya kupangisha. Nyumba hiyo ilikuwa ndiyo bima yao ya maradhi na ndiyo malipo yao ya uzeeni. Nguvu zilipokwisha, kodi ya vyumba iliendelea kuingia, na mwenye nyumba asiye na mtoto wa kumzaa aliweza kumchagua mrithi wa kumtunza na kumzika.

Mwaka 1939 kazi ya kuibomoa Pangani ilikamilika. Watu wake waliambiwa wahamie Shauri Moyo, katika nyumba mpya zilizokuwa imara kuliko zile za udongo. Machoni pa mkaguzi wa afya, hayo yalikuwa maendeleo. Lakini nyumba za Shauri Moyo zilikuwa mali ya Baraza, na aliyehamia huko hakuweza kuirithisha nyumba kama alivyoweza Pangani. Kwa kuondoa kuta za udongo, wakuu wa mji walikuwa wamevunja mfuko wa pensheni ambao wanawake wale waliujenga kwa miaka mingi bila msaada wa mtu. Hapa twajifunza jambo ambalo kila mtunga sera angepaswa kulikumbuka: kabla hujampa mtu msaada, tazama kwanza ni msaada gani aliokwisha kujipatia mwenyewe, usije ukampa kimoja na kumnyang'anya viwili.

Wa pili ni vyama vya watu waliotoka mahali pamoja. Katika kila mtaa wa Eastlands waliundika vyama vya ndugu wa ukoo, wa tarafa au wa kabila, na vilivyo vikubwa, kama Luo Union, vilienea hata nje ya Kenya. Mtu alitoa mchango wake kila mwezi. Alipokufa, chama kiliisafirisha maiti yake mpaka kwao. Alipopoteza kazi, wenzake walimpa kona ya chumba alale. Hiki kilikuwa kitu kilichofanana sana na vyama vya kusaidiana vya wafanyakazi wa Ulaya, ambavyo vilikuwako kabla ya sheria za Bismarck na ambavyo sheria hizo zilivitumia kama msingi. Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema, na watu wa Shauri Moyo walilijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Mabadiliko yalianza kuonekana baada ya wafanyakazi wenyewe kusimama. Mwaka 1939 palikuwa na mgomo mkubwa Mombasa, na mwaka 1947 mwingine mkubwa zaidi. Hapo katikati, mwaka 1940, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutoa fedha kwa maendeleo na ustawi wa makoloni. Vita vilipokwisha, mtaa wa Kaloleni ulijengwa kwa fikra mpya. Nyumba zake zilikusudiwa familia. Palikuwa na miti na nafasi za wazi, na katikati ukumbi wa mikutano. Huu ulikuwa mfano wa mitaa ya bustani iliyokuwa ikisifiwa Uingereza. Kwa mara ya kwanza Baraza lilikiri, kwa matofali, kwamba mwanamume wa Nairobi aweza kuwa na mke na watoto mjini.

Watawala walidhani kwamba ukumbi wa Kaloleni utawapa watu michezo, masomo ya jioni na utulivu. Lakini mtu akipewa nyumba ya familia huanza kufikiri kama mwananchi. Tarehe 23 Aprili 1950, wiki chache baada ya Nairobi kutangazwa kuwa jiji, mkutano wa Waafrika na Wahindi ulifanyika katika ukumbi huo, na Makhan Singh akataka Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa mji wakagoma. Katika miaka iliyofuata ukumbi huo ulitumiwa sana na viongozi wa siasa, hata watu wakauita Bunge.

Mwaka 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari. Mwaka 1954, katika msako wa Aprili, maelfu ya watu wa Eastlands walizingirwa, wakachujwa na kupelekwa kizuizini. Na mwaka huo huo wa 1954 Serikali ilipokea taarifa ya kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Carpenter. Kamati hiyo iliona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni, na karibu robo ya wale walioajiriwa na Serikali, walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja, achilia mbali familia. Ikashauri kwamba kipimo cha mwanamume mpweke kiachwe hatua kwa hatua, na kwamba mshahara ukadiriwe kwa mahitaji ya familia. Mitaa mipya ikajengwa, ikiwemo Ofafa na Mbotela, iliyopewa majina ya Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, viongozi wa Kiafrika wa mji waliouawa katika miaka ile ya machafuko.

Waona basi, msomaji, kwamba jibu la swali letu lilikuwa limeanza kubadilika: kutoka "yeye ni wa kijijini" kuwa "yeye ni wa mshahara wake." Lakini mshahara, hata ukiwa mzuri, hukoma siku mtu aachapo kazi. Hapo ndipo Kenya huru ilipotakiwa kutoa jibu lake yenyewe.

Bunge lilipitisha sheria ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambayo wengi huiita NSSF, mwaka 1965. Na mwaka uliofuata ikaundwa bima ya hospitali, NHIF. Hazina ile haikufuata Bismarck wala Beveridge. Ilifanana zaidi na mfuko wa akiba ambao Singapore iliuanzisha mwaka 1955: mfanyakazi hutoa, mwajiri hutoa, fedha huwekwa kwa jina la mfanyakazi, naye hupewa kwa mkupuo azeekapo. Akiba haiozi, ni kweli. Lakini Singapore iliitisha mchango mkubwa uliozidi kupanda, na tangu mwaka 1968 iliwaruhusu watu kuitumia akiba hiyo kununua nyumba zilizojengwa na dola. Kenya iliuweka mchango chini sana, na kwa miaka mingi mfanyakazi hakukatwa zaidi ya shilingi 200 kwa mwezi huku bei za vitu zikipanda. Mtu aliyekatwa fedha miaka 30 aliweza kupewa kiasi kisichomtunza hata miaka 2. Sheria mpya ya kuongeza mchango ilitungwa mwaka 2013, ikakwama mahakamani, ikaanza kutekelezwa mwaka 2023.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa ile ile tuliyoiona Marekani ya mwaka 1935. Mfuko uliwafaa walioajiriwa kwa barua. Mwenye kugonga mabati jua kali, mama muuza mboga wa soko la Gikomba, kijana wa mkokoteni, na mtumishi wa nyumbani hawakuwa na mwajiri wa kuwachangia. Nao si wachache: katika hesabu za Serikali za miaka ya karibuni, zaidi ya watu 8 katika kila 10 wenye kazi nje ya kilimo kidogo wamo katika kazi za namna hiyo. Kwa wengi wa hao chumba cha Eastlands bado ni cha kukodi, shamba la babu limegawanywa mara nyingi hata limekwisha, na wengine hawakulijua kamwe. Dhana ya zamani, kwamba kila mtu wa Nairobi ana kwao kwingine, imebaki midomoni ingawa imekwisha kweli yake.

Huenda ukaniambia: nchi maskini haiwezi kutunza wote, tuziachie familia zetu kazi hiyo, ndiyo desturi yetu. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Hapana ofisi itakayomwosha mgonjwa kwa upole kama binti yake. Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, hoja hiyo ndiyo iliyotumiwa Afrika Kusini mwaka 1928, na waliofaidika nayo hawakuwa wazee wa Kiafrika. Familia maskini ikiachiwa peke yake huwatunza wazee kwa kuwatoa watoto shule. La pili, Uswidi ilipotunga pensheni ya watu wote mwaka 1913 haikuwa tajiri kama tuijuavyo leo. Watu wake walikuwa wakihamia Amerika kwa sababu ya umaskini. Ilianza na malipo madogo, ikayaongeza kadiri ilivyoendelea.

Tena tunao mfano wa karibu. Mnamo Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, awe alichangia mfuko wowote au hakuchangia, awe alikuwa karani au mvuvi. Mwaka 2018 Kenya nayo, katika mpango wa Inua Jamii, iliwafungulia wazee wa miaka 70 na zaidi malipo ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni kidogo, na zimepata kuchelewa. Lakini ona maana yake: bibi aliyeuza maandazi Bahati maisha yake yote, asiyekuwa na barua ya ajira wala shamba, alipata kuhesabiwa na dola kwa kuwa tu ni raia aliyezeeka. Hilo halikupata kutokea tangu Nairobi ilipojengwa.

Hata hivyo, kutoa haki moja kwaweza kugongana na nyingine. Mwaka 2006 mali nyingi za shirika la reli, pamoja na ardhi ya Muthurwa, zilikabidhiwa mfuko wa pensheni wa wastaafu wa reli, ili zitumike kuwalipa wazee hao. Wastaafu walikuwa na haki ya kula jasho lao. Lakini juu ya ardhi ile walikuwa wakiishi wapangaji wengi, na mwaka 2010 walitakiwa kuondoka, nyumba zikaanza kubomolewa. Shauri likaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 mahakama ikaona kwamba haki ya wapangaji kuwa na makazi ilikuwa imevunjwa. Je, ungekuwa wewe hakimu, ungesema nini? Upande mmoja wazee wanaodai chakula. Upande wa pili watoto wanaodai paa. Ugomvi wa namna hii ndio kazi halisi ya siasa ya ustawi wa jamii, nao huwa mgumu kila mahali ambapo dola imechelewa kujenga vyote viwili.

Leo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya, makazi, chakula, maji, elimu na hifadhi ya jamii. Bima mpya ya afya ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, nayo yamtaka hata asiyeajiriwa achangie. Sheria ya mwaka 2024 yamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya ujenzi wa nyumba, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Watu hubishana juu ya mambo haya kila siku, ndani ya matatu na vibandani. Wewe utakapoingia katika ubishi huo, usitosheke na kuuliza ni fedha kiasi gani. Uliza maswali ambayo historia ya Eastlands imetufundisha. Nani analipa, na je, ajua kwamba analipa? Nani ameachwa nje ya neno "wote"? Ni kitu gani ambacho watu walikuwa wamejijengea, na sera hii itakivunja au itakitia nguvu?

Kisha, ukipata siku ya mapumziko, nenda Pumwani au Kaloleni, au mtaa wowote wa zamani ulio karibu nawe, umtafute mzee aliyekaa huko tangu ujana. Mwamkie kwa heshima. Mwombe akwambie alilipwa shilingi ngapi alipoanza kazi, chumba chake kililala watu wangapi, nani alimsaidia alipougua, na leo anakula kwa mkono wa nani. Yaandike majibu yake. Halafu yalinganishe na sheria za miaka hiyo, uone mwenyewe kama sheria zilimjua mtu huyu au zilimpita.